Francisco Solano López wa Paraguay: shujaa, au mtu aliyeizika nchi yake?

Kijana wa Makorora

Habari za jioni wanajamvi. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima, naomba wenye kujua mnisaidie.

Nilikuwa naangalia mpira wa Paraguay, mtangazaji akataja uwanja wao, Defensores del Chaco. Nikataka kujua Chaco ni nini. Nikasoma habari za vita ya Chaco, ile ya miaka ya 1930 dhidi ya Bolivia, mara nikajikuta nimerudi nyuma kwenye vita kubwa kuliko hiyo: 1864 hadi 1870, Paraguay upande mmoja, na Brazil, Argentina na Uruguay upande wa pili. Hapo ndipo nilipokutana na Francisco Solano López.

Kinachonishangaza ni hiyo familia. Baba, Carlos Antonio López, alikuwa Rais. Alipofariki 1862 mtoto akakaa kwenye kiti. Mdogo wake Venancio akawa Waziri wa Vita. Shemeji yake Barrios alikuwa jenerali, shemeji mwingine, Bedoya, alishika hazina. Yeye mwenyewe alipewa ujenerali akiwa kijana wa miaka 18! Halafu nasoma kwamba siku aliyouawa, 1 Machi, ndiyo Siku ya Mashujaa kwao mpaka leo, na vita ile nusura iwafute duniani.

Huyu mtu tumwiteje? Na ilikuwaje wakamfuata mpaka mwisho? Naomba majibu yenye nyama, matusi tuyaache.

Mwana wa Kusini

Mkuu, huyo ni shujaa wala usihangaike. Paraguay ya akina López haikuwa na deni la nje. Walijenga reli kuanzia mji mkuu, Asunción, walikuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma kule Ibycuí, karakana ya meli za mvuke, vijana wakapelekwa Ulaya kusoma kwa fedha ya serikali. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mali ya taifa. Nchi kama hiyo ingeachwa? Uingereza ilitaka soko, ikawatuma majirani zake wakaivunje.

Na usisahau mkataba wa siri wa 1 Mei 1865. Brazil, Argentina na Uruguay walikaa wakakata ramani ya Paraguay vita ikiwa bado mbichi. Mtu anayepigana na wenye mkataba wa namna hiyo, akafa na upanga mkononi akisema "Nakufa pamoja na nchi yangu", mimi namvulia kofia.

Sista Mstaafu

Wanangu, amani kwenu. Mimi ni mtawa, kwa sasa nimepumzika. Mwaka 1993 shirika letu lilinituma Paraguay. Nikakaa miaka saba, miwili Asunción na mitano Piribebuy, nikifundisha watoto wa shule ya msingi. Kihispania nilijifunza darasani. Kiguarani nilifundishwa na watoto wenyewe na akina mama wa sokoni, tukinywa tereré, yaani majani yao ya yerba yaliyotiwa maji baridi, wanakunywa kwa mrija mmoja watu wote mliokaa hapo. Ukikaa hivyo na watu miaka saba, vita ile huisomi tena kama ya kwenye kitabu. Iko nyumbani kwao.

Mwana wa Kusini, hayo ya reli na chuma ni kweli, na mkataba ule wa siri ni kweli, tena ni aibu kwa waliousaini. Ila hilo la Uingereza linarudiwa sana na halisimami vizuri. Brazil na Uingereza walivunja uhusiano wa kibalozi 1863, na hawakupatana mpaka 1865, vita ikiwa tayari inawaka. Na hao waliojenga reli na karakana ya Asunción ni mafundi Waingereza walioajiriwa na akina López wenyewe. Mhandisi Mwingereza, George Thompson, ndiye aliyesimamia mahandaki ya Curupayty, mahali ambapo 22 Septemba 1866 Wabrazil na Waargentina wanaokaribia elfu nne waliangushwa siku moja, Waparaguay wakipoteza watu wasiofika mia. Mabenki ya London yaliikopesha Brazil, hilo sikatai. Lakini kukopesha ni jambo moja na kutuma vita ni jambo lingine.

Kijana, wewe umeuliza habari za familia, na hapo ndipo mimi ningetaka ukae. Tarehe 25 Novemba 1842 wajumbe wa Paraguay walikutana Asunción wakatia saini tangazo la uhuru wao. Ndani yake wakaandika kwamba Jamhuri ya Paraguay kamwe haitakuwa urithi wa mtu mmoja wala wa familia moja. Kamwe. Walikuwa wametoka kutawaliwa na Daktari Francia miaka zaidi ya ishirini na tano peke yake, walijua wanachokiogopa. Na aliyekuwa madarakani siku hiyo, mmoja wa watawala wawili wa pamoja walioitwa makonsuli, ni Carlos Antonio López.

Sasa hesabu. 1844 akawa Rais. 1845 mwanawe mkubwa akapewa jeshi la kwenda Corrientes, mkoa wa Argentina. 1853 akampeleka Ulaya kama balozi mwenye mamlaka kamili, akanunua meli ya kivita Tacuarí kule London, akapokewa Paris na Napoleon wa Tatu, akarudi na mapenzi makubwa na majeshi ya Kifaransa. Mzee alipofariki Septemba 1862, Bunge lilikutana mwezi uliofuata, 16 Oktoba, likamchagua mwana kwa miaka kumi. Mjumbe mmoja, José María Varela, alisimama akawakumbusha yale maneno: nchi si urithi wa familia. Alijibiwa kwamba huu ni uchaguzi, si urithi, na kura zikapigwa. Padre Fidel Maíz, aliyekuwa gombera wa seminari, alionekana hakufurahi. Akatiwa ndani.

Padre Maíz huyo ndiye aliyekuja kuandika kwamba alikuwepo kitandani kwa mzee López na kumsikia akimwusia mwanawe: mambo yasiyoisha ni mengi, jitahidi uyamalize kwa kalamu, si kwa upanga, hasa na Brazil.

Simwoni López kama mwendawazimu aliyeamka asubuhi akataka vita. Alikuwa na hofu ya haki. Paraguay haina bahari, pumzi yake inapita kwenye mto mpaka Río de la Plata. Oktoba 1864 Brazil iliingiza askari Uruguay kupindua serikali ya pale, na yeye tangu Agosti alikuwa ameshaonya. Akaona wakimeza Uruguay, kesho zamu yake. Ndipo Novemba akaikamata meli ya Brazil, Marquês de Olinda, iliyokuwa inapanda mto na gavana mpya wa Mato Grosso, mkoa wa Brazil, ndani, na Desemba akavamia Mato Grosso kwenyewe. Akaiomba Argentina njia ya kupitisha jeshi, Rais Mitre akakataa. Basi Aprili 1865 akaivamia na Corrientes.

Kwa miezi mitano ameshajitafutia maadui wawili wakubwa kuliko yeye, na Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, hakuisaidia, maana serikali ile ilikwisha anguka Februari. Hapo ndipo mtu wa kawaida hupata rafiki au kaka wa kumshika mkono akamwambia, baba, tulia kwanza. Yeye alikuwa nani wa kumwambia? Waziri ni mdogo wake, jenerali ni shemeji yake, mtunza hazina ni shemeji yake, na padre aliyethubutu yuko gerezani.

Kijana wa Makorora

Shikamoo Sista. Asante sana, hii sikuipata popote. Lakini sasa nina swali linaloniogopesha kidogo. Nimesoma kwamba baadaye aliwaua hao hao ndugu zake. Ni kweli au ni propaganda ya Wabrazil?

Sista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Wabrazil walitia chumvi mengi, lakini hili lina hati zake na lina mashahidi wa pande zote.

Februari 1868 meli za chuma za Brazil zilipita mbele ya ngome ya Humaitá usiku, na njia ya kwenda Asunción ikawa wazi. López akahamisha kambi hadi San Fernando. Huko likamwingia kwamba kuna njama ya kumwondoa. Labda kweli watu walikuwa wananong'ona habari za amani, na nani asingenong'ona baada ya miaka mitatu, kipindupindu kimepita kambini na wavulana wanashika bunduki? Mahakama za kijeshi zikaundwa. Watu walipigwa, wakabanwa mpaka wakataja majina, na walioandikwa majina wakabanwa wataje mengine.

Mdogo wake Benigno alipigwa risasi Desemba 1868. Shemeji Barrios, yule aliyemtekea Mato Grosso, alipigwa risasi. Shemeji Bedoya alifia mikononi mwa watesaji. Berges, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje, na Askofu Manuel Antonio Palacios wakauawa pia. Venancio alikuja kufia njiani katika msafara wa mwisho. Dada zake wawili, Inocencia na Rafaela, waliofanywa wajane na kaka yao, walifungwa na kuburutwa na jeshi, na mama yake mzazi, Juana Carrillo, akashitakiwa kwa kutaka kumwua mwanawe.

Na mmoja wa waendesha mashitaka wa San Fernando alikuwa nani? Padre Fidel Maíz, yule aliyefungwa 1862. Alitolewa gerezani akaandika kukiri makosa na kumsifu Rais, kisha akapewa kazi ya kuwahukumu wenzake, askofu wake akiwemo. Aliishi mpaka 1920. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilikifunga kitabu, nikaenda kanisani nikakaa tu. Mimi ni mtawa, ninajua utii ni nini, nimeuapia. Ule haukuwa utii. Ni mtu aliyevunjwa akafanywa chombo.

Halafu kuna wanawake. Historia huwa inawapita mbio, nami sitaki. Wako walioitwa residentas, waliofuata jeshi, wakilima, wakipika, wakiuguza, wakizika. Na wako walioitwa destinadas: wake, mama na mabinti wa hao waliohukumiwa kuwa wasaliti. Hawa walisukumwa kwa miguu msituni kaskazini-mashariki, mpaka Espadín karibu na mpaka wa Brazil. Walikula chura, walikula mizizi, walikula machungwa machungu, apepú kwa Kiguarani. Jirani yangu Piribebuy, bibi aliyezidi miaka themanini, alikuwa na mti wa apepú uani. Wenzake walitumia matunda yake kupikia jamu. Yeye aliyaacha yaanguke. Aliniambia bibi yake mzaa mama alikuwa mtoto wa miaka tisa katika msafara ule, alimwona mama yake akifa kando ya njia, na maisha yake yote hakutaka harufu ya apepú iingie ndani ya nyumba.

Mwana wa Kusini

Sista, nakusikia kwa heshima. Lakini hata kama alikuwa mkali kiasi hicho, mkataba ulisema vita ni dhidi ya serikali yake, si dhidi ya watu. Mbona waliouawa ni watu? Acosta Ñu waliua watoto. Hilo nalo ni la López?

Sista Mstaafu

Hapana, la waliochinja ni la waliochinja. Nimefundisha watoto kilomita chache kutoka uwanja ule, usidhani nitalifunika.

Tarehe 12 Agosti 1869 Piribebuy ilipigwa na kutekwa. Siku nne baadaye, Acosta Ñu, Jenerali Bernardino Caballero aliachwa nyuma azuie Wabrazil ili López apate nafasi ya kukimbia. Alikuwa na watu elfu tatu na kitu, wengi wao wavulana, wengine wa miaka kumi au kumi na miwili, walipakwa ndevu bandia ili kwa mbali waonekane wanaume. Jeshi lililowakabili lilikuwa mara kadhaa yao, likiongozwa na mkwe wa Mfalme wa Brazil, Gaston, Count d'Eu. Walipigana saa nyingi. Waliokufa mle ni watoto.

Tarehe hiyo, 16 Agosti, ndiyo Siku ya Mtoto Paraguay. Shuleni kwetu watoto walipewa chokoleti ya moto na peremende, wengine wakajichora masharubu kwa mkaa waigize. Mwaka wangu wa kwanza sikujua maana, nikacheka nao. Mwalimu mwenzangu akanieleza pembeni. Mwaka wa pili niliwachora mimi mwenyewe, mmoja mmoja, mkono ukinitetemeka, kwa sababu wao walitaka wapendeze.

Lakini jiulize: Caballero alikuwa anamlinda nani? Asunción ilikuwa imeshaanguka na kuporwa tangu Januari. Jeshi lote la maana liliishia kwenye mapigano ya Lomas Valentinas, Desemba 1868. Baada ya hapo palikuwa na mtu mmoja anayerudi nyuma, na kila alipotua watu wanakufa ili atue mahali pengine. Mwaka mzima na zaidi!

Cerro Corá, 1 Machi 1870, alikuwa amebakiwa na watu mia chache wenye njaa. Koplo mmoja wa Brazil alimchoma mkuki tumboni, akajikokota hadi ukingo wa kijito cha Aquidabán-nigüí, akaamriwa ajisalimishe, akakataa, akapigwa risasi. Sánchez, makamu wake, mzee sana, aliuawa siku hiyo hiyo. Panchito, mwana wa López, kanali wa miaka 15, alikuwa analinda gari la mama yake. Alipoambiwa aweke silaha chini alikataa kama baba yake. Mama yake, Eliza Lynch, Mwairishi aliyekutana na López Paris, ndiye aliyewazika wote wawili, na husimuliwa kwamba alichimba kwa mikono. Na mle kambini Wabrazil walimkuta Mama Juana na mabinti wake wawili wakiwa bado wafungwa. Nilikuwa nikiwaza sana huyo mama. Siku moja amefiwa na mwanawe wa mwisho wa kiume, na siku hiyo hiyo amefunguliwa.

Mwalimu Mkongwe

Sista umenifundisha, na nimefundisha historia miaka thelathini. Niongeze kidogo tu.

Kuhusu hesabu ya waliokufa, wanahistoria hawajakubaliana: wapo wanaosema zaidi ya nusu ya wananchi, wapo wanaosema pungufu ya hapo. Ambalo hawabishani ni kwamba wanaume wazima walibaki wachache mno na nchi ikasimamishwa tena na wanawake. Brazil ikachukua ardhi kaskazini ya mto Apa, Argentina ikachukua Misiones, na sehemu ya Chaco iliokolewa 1878 kwa uamuzi wa Rais Hayes wa Marekani, ndiyo maana Paraguay kuna mkoa unaoitwa Presidente Hayes.

Jambo lingine: walipoishiwa chuma na shaba waliyeyusha kengele za makanisa wakatengeneza mzinga mkubwa, wakauita El Cristiano, Mkristo. Brazil iliuteka, uko Rio de Janeiro mpaka leo, na Waparaguay wanaudai.

Na Kijana, kuhusu ushujaa: López hakuwa shujaa mara moja. Serikali iliyowekwa Asunción ilimtangaza msaliti. Ni mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo mwandishi Juan O'Leary alipoanza kumtetea magazetini dhidi ya mpinzani wake Cecilio Báez, na gazeti lililompa nafasi, La Patria, lilikuwa la Enrique Solano López, mtoto wa López na Eliza. Mwaka 1936 Rais Rafael Franco akamtangaza shujaa wa taifa na mabaki yake yakawekwa Panteón, jengo la kuzikia mashujaa pale Asunción.

Kijana wa Makorora

Mwalimu asante. Sista, la mwisho kabla sijakuchosha. Hao watu ulioishi nao, huyo bibi wa mti wa apepú kwa mfano, wao walimpenda au walimchukia?

Sista Mstaafu

Hujanichosha mwanangu.

Yule bibi alikuwa na picha ya López sebuleni, ile ya ndevu na sare, karibu na ile ya Bikira Maria wa Caacupé. Ukipita 1 Machi ungekuta ameitia ua. Nilimzoea vya kutosha siku moja nikamwuliza kwa Kiguarani changu kibovu: nyanya, si huyu ndiye aliyewafukuza mama zako msituni? Hakukasirika. Alisema ndiye. Akasema pia kwamba baba ya bibi yake alikufa kwenye mapigano ya Tuyutí, ndugu zake wawili Humaitá, na mdogo wao Acosta Ñu, na hakuna kaburi la hata mmoja wao. Akanyosha mkono kwenye picha: "Huyu tu ndiye ana kaburi, mjini. Nikienda Asunción nawasha mshumaa pale, kwa ajili ya wote."

Niliwahi kumsindikiza, Panteón, barabara ya Palma. Aliwasha mishumaa minne na akataja majina manne. La López hakulitaja.